Hospitali mbili, mmiliki mmoja: kwa nini moja ilijilipa na nyingine ikaishi kwa mkopo

Kisa hiki kinahusu hospitali mbili zilizo chini ya mmiliki mmoja. Majina, mahali, viwango vya fedha na kila kinachoweza kumtambulisha mtu vimeondolewa. Kilichobaki ni mfuatano wa mambo na uwiano wake. Nilikuwa katika timu ndogo iliyoombwa na bodi kujibu swali moja: mbona hospitali moja inajiendesha na kubakiza kidogo, na mwenzake anakopa benki kila mwisho wa mwezi ili alipe mishahara?

## Usuli

Tuziite A na B. Zote ni hospitali za jumla zenye wodi za kawaida, wodi ya wazazi, maabara, famasia, chumba cha upasuaji na kliniki za wagonjwa wa nje. B ni kubwa kidogo, majengo yake ni mapya na madaktari bingwa wake ni wengi zaidi. Mgeni akipitishwa zote mbili kwa siku moja, angesema B ndiyo yenye fedha.

Bei zao ni zile zile kwa sababu hupangwa makao makuu. Mikataba ya bima ni ile ile, dawa zinanunuliwa kwa wauzaji wale wale, na mishahara inafuata ngazi moja. Kwa mtu anayetaka kujua nini huzitofautisha hospitali kifedha, hii ni bahati: mambo mengi ambayo kwa kawaida huvuruga ulinganisho hapa yamesimama sawa.

Fedha ziliingia kwa njia tatu. Wapo waliolipa taslimu dirishani. Zipo bima zilizolipa kwa kila huduma: kipimo kimoja, malipo yake, siku moja ya kulazwa, malipo yake. Na zipo bima zilizolipa kwa kifurushi, yaani mgonjwa wa kulazwa ana kiwango kimoja kulingana na ugonjwa na matibabu yake, akae siku tatu au kumi na tatu.

Njia hii ya tatu ilipata nguvu kutokana na makundi ya magonjwa yaliyobuniwa katika Chuo Kikuu cha Yale na Robert Fetter na John Thompson. Marekani ilianza kuyatumia mwaka 1983 kulipia wagonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, na nchi nyingi zimeyachukua baadaye kwa sura mbalimbali. Kinachotuhusu ni jinsi kifurushi kinavyogeuza hesabu. Bima inapolipa kwa kila huduma, kipimo cha ziada ni mapato. Bima inapolipa kwa kifurushi, kipimo hicho hicho kwa mgonjwa huyo huyo ni gharama tupu. Pale B kila mkuu wa idara alikuwa analijua hili ukimuuliza. Maamuzi yao yalisema vingine.

## Mambo yalivyokwenda

Dalili ya kwanza ilionekana stoo ya dawa. B ilianza kuchelewesha malipo ya wauzaji, kwanza kwa mwezi, halafu kwa miezi. Wauzaji wakabana: hakuna kushusha mzigo bila malipo ya awali. Famasia ikaanza kukosa dawa za kawaida kabisa, na mgonjwa wa nje mwenye bima akawa anaandikiwa karatasi akatafute dawa kwingine. Famasia ya wagonjwa wa nje ilikuwa mojawapo ya sehemu chache zilizokuwa zikiiletea B faida ya uhakika. Kwa hiyo ukosefu wa fedha ulikuwa umekata tawi lililozaa fedha, na mwezi uliofuata hali ikawa mbaya zaidi.

Uongozi ukaisoma hali hii kama viongozi wengi wa hospitali wanavyoisoma: wagonjwa hawatoshi. Dawa yake ikawa kuongeza kinachowavuta. Maamuzi mawili yakapitishwa ndani ya mwaka mmoja: kununua kwa mkopo mashine ya CT, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa eksirei, na kufungua wodi ya ziada.

Katika kikao cha bodi kilichopitisha hayo, mjumbe mmoja alitoa mfano wa hospitali ya macho ya Aravind, iliyoanzishwa na Dk. Govindappa Venkataswamy mjini Madurai, India, mwaka 1976 ikiwa na vitanda 11, na leo hutibu watu wengi bure huku ikijitegemea. Hoja yake: wingi wa wagonjwa hushusha gharama, basi tutafute wingi. Mfano ni wa kweli, ila ulisomwa nusu. Aravind ilipata unafuu kwa kurudia upasuaji ule ule wa mtoto wa jicho kwa mpangilio mmoja. Mpasuaji ana meza mbili, akimaliza mgonjwa wa kwanza wa pili yuko tayari pembeni. Tangu mwaka 1992 imekuwa na kiwanda chake, Aurolab, cha kutengeneza lenzi za bandia ambazo zamani ziliagizwa kwa bei kubwa. Wingi wa aina hiyo haupatikani kwa kuongeza wodi mchanganyiko kwenye hospitali ya jumla.

Hesabu ya CT iliyopelekwa bodini nimeisoma. Ilikuwa ukurasa mmoja: idadi ya wagonjwa wanaopelekwa kupimwa nje kila mwezi, mara bei ya kipimo, toa marejesho ya mkopo, baki faida. Haikutaja mkataba wa matengenezo. Haikutaja mrija wa eksirei, ambao huchakaa kwa matumizi na kuubadili ni gharama nzito. Haikusema nani atazisoma picha usiku.

Hayo yote yangeweza kusameheka. Kosa kubwa ni kwamba hakuna aliyeuliza wagonjwa wale wanalipiwa na nani. Sehemu kubwa yao walikuwa wamelazwa, na waliolazwa wengi walikuwa wa kifurushi. Kwao kipimo hakina malipo ya peke yake, kimo ndani ya kiwango kile kile. Zamani B ilikuwa inawapeleka nje wachache, pale ilipobidi, na kulipia. Mashine ilipofika jengo la pili, kuagiza kipimo kukawa rahisi kama kujaza fomu, na maagizo yakaongezeka. Ukipita korido ile mchana ungeona viti vimejaa, ukadhani uwekezaji umelipa.

A nayo iliwahi kuomba CT. Mganga mkuu wake aliliondoa ombi mwenyewe, baada ya mhasibu kumpangia wagonjwa wa rufaa katika safu tatu kulingana na anayelipa. Safu ya wanaolipiwa kipimo peke yake ilikuwa fupi mno kubeba mkopo.

## Faili la mgonjwa wa ngiri

Tulipoanza kazi, bodi ilitarajia tuanze na mapato na matumizi. Tulianza na kabati la madai yaliyorudishwa na bima. Nitaeleza faili moja, kwa kuwa mengine mengi yalifanana nalo.

Mgonjwa aliletwa usiku na ngiri iliyokaba utumbo. Alfajiri akapasuliwa. Kipande cha utumbo kilikuwa kimekufa, kikakatwa, ncha zikaunganishwa. Alikaa wodini siku nane akaruhusiwa akiwa mzima. Kitabibu, kazi safi.

Ndani ya faili fomu ya idhini ipo na imesainiwa. Karatasi ya dawa ya usingizi ipo. Maelezo ya upasuaji ni mistari miwili inayosema ngiri imerekebishwa na mgonjwa ametoka salama. Hakuna neno kuhusu utumbo kukatwa. Hakuna sahihi. Kitabu cha chumba cha upasuaji, kile kikubwa kinachokaa juu ya meza karibu na mlango, kilikuwa kimeandika kila kitu kwa mkono wa muuguzi: utumbo umekatwa, urefu wake, aina ya nyuzi. Lakini kitabu kile hakitoki chumbani, na mtu wa madai hajawahi kuingia humo.

Faili liliteremka ofisi ya madai wiki tatu baada ya mgonjwa kuondoka. Karani akasoma alichokiona, akaweka msimbo, yaani alama inayoieleza bima ugonjwa na matibabu, wa ngiri ya kawaida, ambayo ni kundi la malipo madogo. Bima ikalirudisha na maswali mawili: ngiri ya kawaida inalazaje mtu siku nane, na mbona mpasuaji hakusaini? Karani akalipandisha faili wodini. Wodi ikamtafuta mpasuaji, kumbe amekwenda masomoni. Faili likakaa kwenye droo ya muuguzi mkuu wa wodi mpaka muda wa kurudisha madai ukapita. Kwa mgonjwa ambaye B ilimtumia usiku mzima wa timu ya upasuaji, damu, dawa na siku nane za uuguzi, malipo yalikuwa sifuri.

Tukachota mafaili mengine bila kuchagua. Karibu moja kati ya matano lilikuwa na dosari ya aina hii: sahihi haipo, kipimo kimefanyika lakini jibu halijabandikwa, dawa imetolewa stoo lakini haikuandikwa kwenye chati, tarehe ya kuruhusiwa inapishana na ya mwisho ya uuguzi. Hapakuwa na wizi, ingawa bodi ilikuwa inaushuku. Kazi ilifanyika, ila ushahidi wake haukufika kwa mlipaji.

Pale A dosari hizi zilikuwa chache, na sababu yake ni ya kawaida mno. Karani wa madai ana meza ndani ya wodi. Daktari akimaliza raundi ya asubuhi, karani anapitia mafaili ya wanaotarajiwa kutoka kesho. Akikuta pengo, anamfuata daktari hapo hapo, kalamu bado iko mkononi mwake na mgonjwa bado yuko kitandani. Sheria ya wodi ni kwamba faili halivuki mlango kabla halijafungwa. Nilimsikia sista wa zamu akimwambia daktari bingwa mbele ya wanafunzi wake, bila kupandisha sauti: «Daktari, huyu hatoki mpaka uniandikie mlichokikuta tumboni.» Daktari akaandika. Pale B hakuna sista ambaye angethubutu, na madaktari wangeshangaa kuambiwa.

## Maamuzi na sababu zake

Mapendekezo mawili ya bodi tuliyakataa mapema. La kwanza ni kupandisha bei. Bei ya dirishani ingeweza kupanda, lakini wanaolipa taslimu walikuwa wachache na ndio waliokuwa wa kwanza kuhama. Viwango vya bima haviguswi bila mazungumzo. La pili ni kupunguza wauguzi. Mishahara ndiyo gharama kubwa kuliko zote katika hospitali karibu popote, kwa hiyo jicho la mhasibu hutua hapo kwanza. Ila ukiondoa wauguzi wa wodi ya upasuaji, kitanda hakipokei mgonjwa, na upasuaji unaahirishwa. Unakuwa umepunguza gharama kwa kufunga mlango wa mapato.

Yaliyoamuliwa ni haya.

Makarani wa madai walihamishwa kutoka ofisi ya chini kwenda wodini, mmoja kwa wodi mbili. Kitabu cha upasuaji kikawekewa karatasi ya nakala inayochanwa na kubandikwa kwenye faili kabla mgonjwa hajatoka chumba cha kuzindukia. Hili ndilo lililogharimu kidogo kuliko yote na lilipingwa kuliko yote, kwa kuwa madaktari waliona wanasimamiwa na karani. Mganga mkuu alilimaliza kwa kuanza kusaini mafaili yake mwenyewe mbele ya karani, kila siku, mpaka wengine wakaona aibu.

CT haikuuzwa, mkataba wa mkopo haukuruhusu. Badala yake, kwa mgonjwa wa kulazwa kipimo kikahitaji idhini ya bingwa, isipokuwa dharura, na mlango ukafunguliwa kwa zahanati na hospitali ndogo za jirani ambazo wagonjwa wao wa nje hulipiwa kwa kila huduma. Shabaha ilikuwa mashine ileile ifanye kazi zaidi kwa wanaolipa kipimo na kidogo kwa wale ambao kipimo hakibadili matibabu yao.

Chumba cha upasuaji kilihitaji saa, kwa maana zote. Ratiba ilisema kuanza saa mbili asubuhi. Kitabu kilionyesha kisu cha kwanza kikigusa ngozi karibu saa nne, siku baada ya siku. Jibu la damu halijaja. Mgonjwa amekula. Idhini haijasainiwa, na ndugu wa kusaini hajafika. Wakati huo mtaalamu wa usingizi, wauguzi wawili na mpasuaji wote wamo kazini na wanalipwa. Dharura ikitokea usiku, orodha nzima ya siku inasukumwa mbele na wa mwisho wanarudishwa wodini na njaa yao. Uamuzi ukawa kwamba muuguzi wa usingizi awakague wagonjwa wa kesho jioni ya leo, na vyumba viwili vigawanywe, kimoja cha waliopangiwa, kingine cha dharura.

Siku za kulazwa zikapewa lengo la kupungua katika wodi zote. Hoja ilikuwa ya kihesabu. Wastani wa vitanda vinavyotumika ni wagonjwa wanaoingia kwa siku mara siku wanazokaa. Ni kanuni ambayo John Little aliithibitisha mwaka 1961 kwa kila aina ya foleni. Wakiingia 20 kwa siku na kukaa siku sita, unahitaji vitanda 120. Wakikaa siku tano, vitanda 100 vinatosha. Kwa malipo ya kifurushi, kiwango hakipungui mgonjwa akitoka mapema. Karatasini ilionekana fedha za bure. Nitarudi hapo.

Upande wa dawa sina mengi. Stoo ilipangwa upya kwa kufuata dawa chache zinazobeba sehemu kubwa ya matumizi na zile ambazo zikikosekana mtu hufa. Wauzaji wa hizo wakawa wa kwanza kulipwa kila fedha ilipoingia. Ni kazi ya kawaida ya mfamasia mzuri, na B ilikuwa naye. Alikuwa hasikilizwi tu.

## Matokeo

Katika mwaka wa kwanza madai yaliyorudishwa yalishuka mpaka karibu sawa na ya A. Muda kati ya mgonjwa kutoka na dai kupelekwa ulishuka kutoka wiki hadi siku. Faida ya hili la pili haionekani kwenye taarifa ya mapato, kwa sababu dai ni lile lile, lakini akaunti ya benki iliihisi mara moja. Fedha zilizokuwa zimelala kwenye kabati ziliingia. Wauzaji wakarudisha mkopo wa siku thelathini, famasia ikajaa, na wagonjwa wa nje wenye bima wakaacha kwenda kununua dawa kwingine. B ikaacha kukopa ili kulipa mishahara.

Chumba cha upasuaji kilifanya vizuri kwa miezi kadhaa, saa mbili na nusu ikawa kawaida. Halafu muuguzi wa usingizi aliyekuwa akikagua wagonjwa jioni akapata kazi kwingine, nafasi yake haikujazwa haraka, na saa zikaanza kuteleza tena.

CT iliacha kula fedha nyingi. Haikuanza kuzaa.

Mwisho wa mwaka B ilikuwa bado na hasara, ndogo kuliko ya awali lakini hasara. A ilibaki mbele.

## Uchambuzi

### Kilichofaa

Kuhamisha makarani kulifaa kwa sababu kulibadilisha wakati, siyo watu. Karani wa chini na wa wodini ni yule yule, mwenye elimu ile ile. Tofauti ni kwamba pengo kwenye faili huzibika kwa nusu dakika mgonjwa akiwa kitandani, na baada ya wiki tatu haliwezi kuzibwa kabisa, kwa kuwa aliyefanya hakumbuki au hayupo. Nimeona hospitali zikinunua programu ya kompyuta ya gharama kubwa kutibu tatizo hili, halafu zikaiweka kwenye ofisi ile ile ya chini. Programu inapokea pengo lile lile, kwa haraka zaidi.

Jambo la pili ni mamlaka. Sista wa A angeweza kumzuia mgonjwa asitoke mpaka faili likamilike kwa sababu mganga mkuu alikuwa nyuma yake. Ukiiga meza ya karani bila kuiga hilo, unapata karani anayeomba sahihi kwa wiki mbili halafu anaacha. B iliepuka hapo kwa bahati ya kuwa na mganga mkuu aliyekubali kuanza na yeye mwenyewe.

Hesabu ya CT pia ina funzo linalopita mashine. Kabla ya kununua kitu chochote hospitalini, panga wagonjwa watakaokitumia kwa mlipaji. Idadi yao peke yake haikuambii chochote.

### Kilichoshindwa

Kupunguza siku za kulazwa ndiko tulikotarajia mengi na kupata machache, na naona ndiko kwenye mafunzo zaidi. Siku zilipungua kweli, wodi ya upasuaji na wodi ya magonjwa ya ndani vilevile. Lakini fedha zilionekana upasuaji tu.

Sababu ni kwamba gharama nyingi za hospitali hazibadiliki kwa kitanda kimoja. Muuguzi wa zamu, taa, mlinzi, jengo, vyote vinalipwa kitanda kikiwa na mtu au kikiwa kitupu. Mgonjwa akitoka siku moja mapema, unachookoa hakika ni dawa, chakula na vifaa vya siku hiyo, na siku ya mwisho ndiyo ya bei ndogo kuliko zote. Vipimo vikubwa na dawa ghali vilishatumika siku mbili za mwanzo. Kwa hiyo siku iliyookolewa ina thamani pale tu kuna mtu anayesubiri kuingia. Wodi ya upasuaji ilikuwa na orodha ya wanaosubiri: kila kitanda kilichofunguka kilileta upasuaji mwingine na kifurushi kingine. Wodi ya magonjwa ya ndani haikuwa na foleni. Ilibaki na vitanda vilivyotandikwa vizuri na wauguzi wale wale.

Na ubaya ukajitokeza. Baadhi ya wagonjwa wa moyo na mapafu waliotolewa mapema walirudi ndani ya mwezi, na bima mojawapo ilihesabu kurudi huko kama sehemu ya kifurushi cha kwanza, yaani haikulipa. Lengo likaondolewa katika wodi hiyo. Kuwa na vitanda wazi si kosa lenyewe. Watafiti wa Uingereza walionyesha mwaka 1999, kwa kuigiza hospitali kwenye kompyuta, kwamba wastani wa matumizi ya vitanda ukipita 85% hatari ya kukosa kitanda kwa wagonjwa wa dharura huanza kuonekana. Hospitali iliyojaa pomoni kila siku haijafaulu kifedha, inaahirisha tu upasuaji inaolipwa vizuri.

Jambo la pili lililoshindwa lilikuwa posho. Mhasibu wa B, kwa nia njema, aliwaahidi makarani asilimia ndogo ya madai yaliyolipwa. Ndani ya robo mwaka karani mmoja akawa kila nimonia anaiandika nzito, kila kisukari kina matatizo yake. Bima ikaona mabadiliko kabla ya hospitali, ikaleta wakaguzi, ikasimamisha malipo yote ya B kwa wiki kadhaa mpaka mafaili yakaguliwe moja moja. Wiki hizo zilirudisha B benki kwa muda. Posho ikafutwa, na madaktari wakapewa kazi ya kuthibitisha msimbo. Kumlipa karani kwa ukamilifu wa faili kungekuwa salama, kumlipa kwa thamani ya dai ni kumwalika aiongeze.

### Ambacho usimamizi haukugusa

Kuna sehemu ya ubora wa A ambayo haitoki kwa karani wala kwa mhasibu. A haina wodi ya watoto njiti. Mama akijifungua A kabla ya wakati, mtoto hupelekwa B kwa gari la wagonjwa. B ina mlango wa dharura ulio wazi usiku kucha na hupokea majeruhi wengi wasio na bima wala mtu wa kuwalipia. A hupokea zaidi wagonjwa waliopangiwa, ambao unajua wiki moja kabla nani analipa.

Mtoto njiti hukaa wiki nyingi, huhitaji muuguzi karibu yake saa zote na oksijeni isiyokatika, na kiwango cha kifurushi katika mkataba wa B hakikukaribia gharama hizo. Kila mtoto aliyeokolewa aliongeza hasara. Wodi ya majeruhi ilikuwa na sura hiyo hiyo. Ukizitoa hesabu za wodi hizi mbili, pengo kati ya A na B hupungua sana, na kwa haki sehemu ya faida ya A inatokana na B kubeba wagonjwa wake wa gharama.

Bodi haikupenda kusikia hili. Ilikuwa imeshaandaa mpango wa kumhamishia B kiongozi wa A. Tulipinga, kwa hoja kwamba zipo huduma ambazo usimamizi bora hupunguza hasara yake bila kuifuta, na kwamba wenye mifumo mikubwa wamelikubali hilo. Marekani, baada ya sheria ya mwaka 1997, hospitali ndogo za mbali zenye vitanda visivyozidi 25 ziliruhusiwa kulipwa na Medicare kwa kufuata gharama zao badala ya kifurushi, kwa sababu idadi ya wagonjwa wao haiwezi kubeba gharama zisizobadilika hata ziongozwe na nani.

Bodi ilikubali nusu. Kiongozi wa A alibaki A. Wodi ya watoto njiti ikafunguliwa hesabu yake, ionekane peke yake badala ya kufichwa ndani ya hasara ya jumla, na A ikaanza kuchangia kwa kila mtoto inayempeleka. Kisha ombi la kiwango tofauti kwa watoto hao likapelekwa kwa bima, likiwa na mafaili yaliyokamilika ya mwaka mzima, kitu ambacho B isingeweza kukionyesha mwaka uliotangulia. Tulipomaliza kazi ombi hilo lilikuwa bado mezani, na hasara iliyobaki B ilikuwa inakaribiana na gharama ya wodi hiyo moja.